Vipimo vya Sista Maximilla

Kuruthumu hakuwa mwanamke wa kupekua mifuko ya mumewe. Mwenyewe alipenda kulisema hilo mbele za watu, na watu kwa adabu zao walinyamaza. Asubuhi ile hakupekua mfuko. Alipekua daftari, na daftari si mfuko, utake usitake.

Lilikuwa daftari la vipimo. Mumewe, Gharibu, alikuwa fundi cherehani kwenye kibaraza cha duka la Mzee Abdalah, Kasulu mjini, na kila mteja aliyemshonea alibaki humo: jina, bega, kifua, kiuno, urefu. Mke wa mwalimu alikuja kuulizia sketi yake wakati fundi ametoka kidogo, Kuruthumu akalifungua daftari kumtafutia. Akaangukia ukurasa wenye mwandiko wa kuparamia mistari, mwandiko wa mumewe na si wa mumewe. "Sista Maximilla, Kibondo. Kifua 36. Kiuno 27. Nyonga 38. Urefu 44."

Kiuno ishirini na saba. Kuruthumu alijishika kiuno chake juu ya khanga, na hakuhitaji futi ya fundi kumpa habari. Akarudi ukurasa wa kwanza, akalipitia daftari zima mpaka gamba la mwisho, akimtafuta mtu mmoja tu. Hakumwona. Miaka tisa ya ndoa, magauni aliyoshonewa hayana idadi, na jina la Kuruthumu halikuwamo hata kwa penseli.

"Sketi yako kesho," alimwambia mke wa mwalimu, wala hakujua anasema nini.

Msimcheke kwanza. Mimi sipendi watu wanaomcheka mwenye wivu kabla hawajajua amenyang'anywa nini. Mwaka uliotangulia, sabini na sita, mwezi wa Ramadhani, binti yao Asia alikufa kwa surua. Alikuwa na miaka mitano. Gharibu hakuwepo; alikwenda Manyovu kutafuta kitenge cha Idi, pande moja la kumshonea mama na mtoto nguo za sare. Alirudi na kitenge kwapani, cha kijani chenye ndege wa manjano, akakuta kaburi lina siku moja. Hakulia. Alikaa kwenye kigoda akatazama ukuta, na ukuta ule akautazama miezi mitatu. Cherehani ikajaa vumbi.

Kuruthumu, aliyemzika mtoto bila baba yake, alimlisha uji kwa kijiko. Alimwogesha, akamletea shehe, akamletea na mganga kutoka Kagerankanda, akapiga magoti mbele yake akamwomba aseme neno lolote. Hakusema. Tangu wazae, Gharibu alikuwa akimwita Mama Asia. Sasa hakumwita kwa jina lolote, na hilo lilimuuma Kuruthumu kuliko ukuta.

Mwishowe Abbasi, mdogo wake Gharibu, alimpandisha basi akampeleka hospitali ya Kibondo, mbali na macho ya Kasulu, ili watu wasije wakasema fundi ana kichaa. Alilazwa wiki nne. Wakampa vidonge vidogo vya rangi ya kahawia, vitatu kwa siku, vya huzuni iliyozidi kipimo. Aliporudi alishuka kwenye basi akipiga mluzi. Akafuta vumbi la cherehani, akauliza kama nyumbani kuna chumvi.

Wanawake wengine wangemshukuru Mungu wakaishia hapo. Kuruthumu alishukuru, lakini shukrani yake ilikuwa na hesabu. Yeye na magoti yake, miezi mitatu, hakuweza. Wa Kibondo kaweza kwa wiki nne. Na kila mwezi Gharibu alikwenda tena kuchukua vidonge, akarudi na maneno ya muuguzi wake: Sista kasema nitembee asubuhi, Sista kasema nisikae peke yangu, Sista kasema hivi, Sista kasema vile. Miezi saba Kuruthumu aliivumilia ile "Sista kasema". Alijisemea kwamba huenda ni bibi kizee mwenye miwani. Leo Sista alikuwa amepata kiuno.

Alimpelekea habari jirani yake Mwamvua, mwanamke wa Ujiji aliyekwisha kuolewa mara tatu na aliyekuwa akikaanga maandazi nyuma ya soko. Mwamvua hakupoteza wakati.

"Shoga yangu, hilo ni limbwata."

"Limbwata la vidonge?"

"Wa zamani walitia kwenye mchuzi. Huyu ana hospitali nzima mkononi, ahangaike na mchuzi kwa nini?" Akageuza andazi. "Mumeo kapona, hajapona?"

"Kapona."

"Mtu aliyepona malaria anaendelea kumeza klorokwini mwaka mzima? Basi mpime. Mnyang'anye vidonge vyote. Kama ni dawa, hapati neno, maana keshapona. Kama ni limbwata, siku ya tatu utamwona. Hatakula, hatalala, atalia kama mtoto, atataka apelekwe kwa mwenyewe. Limbwata likikatwa mtu huugua, na hilo halifichiki."

Kwa mtu wa kawaida kilikuwa kipimo kizuri. Kilikuwa na kasoro moja tu, na kati ya wawili wale pale penye moto hakuna aliyeijua.

Jioni, Gharibu alipokaa kula, alilikuta daftari limefunguliwa kando ya bakuli la maharage.

"Kiuno ishirini na saba," Kuruthumu alisema.

Gharibu aliutazama ukurasa. "Nilimshonea gauni. Nilipokuwa wodini."

"Ukampima."

"Alijipima mwenyewe, akanitajia namba."

"La kitambaa gani?" Gharibu alivuta bakuli karibu. "Na mimi mbona simo humu?"

"Vya kwako ninavyo kichwani."

Mke mwingine angelipokea jibu hilo akalitia kwenye sanduku lake la dhahabu. Kuruthumu aliona kwamba kichwani ndipo mahali pazuri pa kuweka kitu usichotaka kukionyesha. Akamuuliza amepona au hajapona. Gharibu akasema amepona.

"Basi acha vidonge. Nipe hicho kikopo."

"Sista alisema nisiache kwa ghafla. Alisema vipunguzwe taratibu..."

"Sista," Kuruthumu alisema. "Hata sasa, mbele ya chakula changu. Chagua, Gharibu. Kikopo au mimi."

Gharibu alinawa mikono na chakula hajakimaliza. Akaingia chumbani, akarudi na kikopo, akakiweka mapajani mwa mkewe. "Shika," alisema. "Sitaki uumie tena kwa ajili yangu." Kuruthumu alikifunga kikopo kwenye pindo la khanga. Neno "tena" lilimpita; alichosikia ni ushindi.

Siku ya kwanza haikuwa na jambo. Siku ya pili Gharibu alisukuma chakula. Siku ya tatu alitoka jasho akiwa kivulini, akatapika chai, akavaa koti kwenye jua la Julai. Miguu yake ilikataa kutulia. Alikaa, akasimama, akazunguka cherehani, akakaa. Siku ya nne uzi ulimkatikia akalia, fundi mtu mzima, machozi juu ya suruali ya mteja, na mteja mwenyewe ndiye aliyemtungia sindano kwa sababu mikono ya fundi ilikuwa inatetemeka. Akilala anaota mambo ya kutisha, anashtuka, anamwita Sista.

Kuruthumu alihesabu. Hatakula, alisema Mwamvua, na hakula. Hatalala, na hakulala. Atalia, akalia. Kila dalili ilitokea kama ilivyotajwa, na Kuruthumu, Mungu amsamehe, aliuona ugonjwa wa mumewe kwa macho ya mtu anayeshinda kesi. Alimpangusa jasho kwa mkono wa kulia na kumchukia kwa wa kushoto.

Siku ya saba Gharibu alisema, "Nipe kimoja. Kimoja tu."

"Unamlilia."

"Similii mtu. Kuna kitu kinanipita kichwani kama shoti ya umeme. Nikigeuza macho tu kinapita." Akamshika mkono. "Kama huniamini, nipeleke Kibondo wewe mwenyewe."

Na hapo ndipo alipojimaliza, maana la mwisho kwenye orodha ya Mwamvua lilikuwa hilohilo: atataka apelekwe kwa mwenyewe. Kuruthumu aliutoa mkono wake akaenda kupepeta mchele uliokwisha kupepetwa.

Siku ya tisa asubuhi alimkuta amekaa kwenye kigoda. Jasho limekauka. Halii, hatetemeki sana, haulizi kitu. Anatazama ukuta.

Kuruthumu akapiga magoti palepale alipopiga mwaka jana, akaita, "Baba Asia." Mara ya kwanza tangu mazishi kulitamka jina lile mbele yake. Ukuta ulitazamwa vilevile. Sasa unadhani alijilaumu? Wivu haujui njia hiyo. Alisema moyoni kwamba limbwata lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye wa kulitegua. Atakwenda Kibondo, atamtupia kikopo chake usoni, na asipolitegua atamvua lile gauni mbele ya wagonjwa wake. Akamwacha Gharibu mikononi mwa Abbasi, na kesho yake alfajiri akadandia lori lililokuwa likipeleka maharage ya Kitanga.

Njia nzima alipanga maneno. Lori lilipasuka gurudumu mara moja, vumbi jekundu likamwingia hadi kwenye meno, naye bado anapanga. Alifika alasiri, akaelekezwa benchi lililo nje ya chumba cha dawa. Akamuuliza mhudumu, Sista Maximilla ni yupi. "Yule anayetoka," akaambiwa. "Leo hayuko zamu, kaja kumngoja mgonjwa."

Alikuwa kijana na alikuwa mzuri. Nasema ukweli, ingekuwa raha kumpa mapengo, lakini hakuwa nayo. Na mwilini alikuwa amevaa gauni la kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano.

Kuruthumu alikaa chini bila kukusudia, akasimama tena. Kitenge cha Manyovu. Alidhani Gharibu alikichoma, au alikizika mahali asipotaka kupataja, na kwa huruma hakuwahi kumuuliza. Kumbe kiko Kibondo, kinatembea. Sehemu ya kitambaa kile ilikuwa yake, ya Idi yake, na sehemu nyingine ilikuwa ya nani, hilo hakuweza hata kuliwaza. Maneno yote ya njiani yalimtoka. Alimwendea yule mwanamke akamkamata mkono wa gauni, pale begani, akiwa tayari kuuchana.

Hakuchana. Amekaa na fundi miaka tisa, na macho yake yalishaona kabla ya mkono. Mshono wa begani ulipanda, ukashuka, ukaruka, ukashonwa juu yake mara ya pili. Mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake kwa inchi nzima. Zipu imevimba, pindo limekwenda upande. Akamwona Gharibu akilini, mtu anayefumua suruali nzima kwa tundu moja la sindano, mtu aliyewahi kugombana naye kwa sababu alitoka nje na pindo lililolegea. Kwa mshono wa namna ile hakuna mwanamume duniani anayetongozea.

"Nani kashona hii?" aliuliza, ingawa alijua.

"Fundi mmoja wa Kasulu, mgonjwa wangu. Ndiyo nguo yake ya kwanza baada ya kuugua." Yule muuguzi aliutazama mkono uliomshika, kisha uso wa mwenye mkono. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Burundi, cha watu waliovuka mpaka wakikimbia mwaka wa sabini na mbili, na hata salamu aliitoa ya kwao. "Mwiriwe, mama. Wewe ni Mama Asia."

Kuruthumu aliuachia mkono. "Nani kakwambia ninaitwa hivyo?"

"Ndivyo anavyokuita. Hana jina lingine la kukuita."

Walikaa kwenye benchi. Maximilla alieleza polepole, kama mtu aliyengoja miezi mingi kulieleza jambo lile. Gharibu aliletwa na kitenge kwapani, chini ya koti, na daftari lake mfukoni, akakataa kukiweka chini hata kitandani. Siku moja akamwambia, kichukue, kitupe. "Nikamwambia mimi situpi kitambaa kizuri, nishonee. Tuna cherehani ya mashuka ya wodi. Alishona siku nne, akifumua, akilia, akishona tena. Alitaka kunishonea upya alipopata nafuu, nikakataa. Nalivaa siku ya zamu yake ya dawa, aone ametoka wapi. Leo ndiyo siku yake, na sikumwona."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Kila mwezi namwambia aje na wewe. Anasema wewe ulimzika mtoto peke yako, hana uso wa kulitaja jina lake mbele yako. Anaogopa utaumia tena."

Neno lile "tena" sasa lilisikika. Kuruthumu alifungua pindo la khanga akaweka kikopo juu ya benchi. Maximilla alikifungua, na uso ukambadilika.

"Tangu lini?"

"Leo siku ya kumi."

"Vyote kwa mara moja?"

Kuruthumu alimweleza, jasho, kutapika, shoti ya kichwani, kigoda, ukuta. Mwisho, kwa sauti ya chini, akauliza, "Kwa hiyo si limbwata?"

Maximilla hakucheka. "Si limbwata. Mwili umezoea dawa, na mazoea yana tabu, lakini mazoea si mapenzi, wala kuzikosa si kumkosa mtu. Aliyetembelea mkongojo miezi saba, ukimpokonya barabarani ataanguka hata kama mfupa umeanza kuunga. Unamrudishia kwanza, halafu mnauacha pamoja, polepole."

"Basi nimemwangusha mimi."

"Ndiyo," alisema Maximilla. "Na utakayemwinua ni wewe. Mimi niko mbali."

Akaingia kwa daktari, akatoka na karatasi na maelezo: avirudie vitatu kwa siku mpaka atulie, kisha wapunguze nusu kidonge kila wiki, akisumbuka sana wasipunguze zaidi, wangoje, na ukuta ukirudi aletwe haraka. Halafu akaenda nyumbani kwake nyuma ya wodi, akarudi na kitambaa kilichokunjwa. Yadi mbili, ndege wa manjano. "Alisema kipande hiki nisikiguse," alisema. "Kilikuwa cha mtoto."

Kuruthumu alikipokea kwa mikono miwili. Aliaga vizuri. Lakini msidhani wivu ulibaki Kibondo. Alirudi nao kwenye lori, ila ulikuwa umebadili mahali pa kukaa. Kiuno cha Maximilla kilikuwa kimemtoka akilini. Kilichomuuma ni ule mshono. Yule mwanamke alionyeshwa mikono inayotetemeka, yeye mkewe akaonyeshwa mluzi.

Gharibu alirudia vidonge, na siku ya tano aligeuza kigoda akakaa akitazama mlango. Kuruthumu alimwambia yote, hata kwamba alikwenda Kibondo kupigana, na Gharibu alitabasamu kidogo. Wiki za kupunguza zilipofika, Kuruthumu ndiye aliyekata. Aliweka kidonge kwenye kibao cha kukatia nyanya, akakipasua kwa wembe, akamhesabia. Kila walipopunguza, jasho lilirudi siku mbili tatu, na hasira za bure, na tumbo. Tofauti ni kwamba sasa Gharibu alisema. "Leo shoti imenipita mara nne," alisema, naye akasikia. Mara mbili walilazimika kungoja wiki ya ziada, wakangoja. Mficha maradhi kilio humfichua, na nyumba ile ilikuwa na kilio cha kutosha.

Wiki moja kabla ya Idi, walikuwa wamefika nusu kidonge kwa siku. Mikono ya Gharibu ilikuwa katika siku zake mbaya. Kuruthumu alikwenda kibarazani akaweka zile yadi mbili juu ya cherehani.

Gharibu alikitazama kitambaa, asikiguse.

"Nishonee blauzi," Kuruthumu alisema.

"Ngoja mikono itulie. Siku chache tu."

"Sitaki ya mikono iliyotulia. Hizo ninazo kabati zima."

"Itapinda."

"Ipinde. Na uandike vipimo."

"Vya kwako ninavyo..."

"Andika, Gharibu."

Alichukua futi. Alimpima bega, akamzunguka kifua, akitaja namba kwa sauti kama anavyofanya kwa wateja. Kwenye kiuno Kuruthumu alibana pumzi. "Pumua," Gharibu alimwambia, akangoja mpaka akapumua. "Thelathini na tano." Akainama juu ya daftari, na penseli ikaparamia mistari kama ilivyoparamia siku ile ya Kibondo. Kuruthumu alichungulia begani kwake ahakikishe. Juu ya namba, mahali pa jina la mteja, aliandika Mama Asia.

"Nimekosea?" Gharibu aliuliza.

"Hujakosea. Lisome."

Alilisoma. Sauti ilimkatika katikati, akalirudia lote. Wakalia wote wawili pale kibarazani mchana, mbele ya duka, na Mzee Abdalah akaingia ndani kupanga sabuni zilizokwisha kupangwa.

Blauzi ilichukua siku mbili. Mkono wa kushoto ulipanda, kola ikatazama upande wake. Gharibu aliiinua kwenye mwanga, akaguna, akanyoosha mkono kuchukua wembe afumue. Kuruthumu aliuwahi wembe, akauchukua na blauzi, akaondoka navyo vyote viwili.

Siku ya Idi aliivaa kwenda kutoa mkono wa Idi mji mzima. Mwamvua alimtazama juu, akamtazama chini, akalishika lile bega.

"Shoga, fundi wako siku hizi anashona amefumba macho?"

"Mshono huu usiuchezee," Kuruthumu alisema, akiutoa mkono wa Mwamvua begani pake. "Tuko wanawake wawili tu tulioshonewa hivi. Na wa tatu hayupo."